Laptopu ya mtumba, Linux na gemu

SWALI: Nimenunua laptopu ya mtumba hapa Mwanjelwa, Mbeya, nikaweka Linux. Mdogo wangu wa Iringa ana kama hiyo hiyo. Tucheze gemu gani pamoja?

JIBU: Anzeni na SuperTuxKart, mbio za magari madogo: ni ya bure, na tangu toleo la 2019 inachezwa mtandaoni. GTA San Andreas, ya mwaka 2004, jaribuni kwa Wine, programu inayoendesha gemu za Windows ndani ya Linux. Kwa macho yangu bado inazishinda nyingi za leo. Gemu mpya za Windows hupitia Proton, programu ya aina hiyo iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, nayo inataka kadi ya picha inayokubali Vulkan, mfumo wa kuchora picha za gemu. Laptopu kuukuu nyingi hazina kadi hiyo. Mpira ndio unauma: FIFA 23 na zilizofuata zina ulinzi dhidi ya udanganyifu unaoikataa Linux, hata mashine iwe na nguvu vipi.