Betri za Taa za Dagaa: Joto Linavyodanganya Kipimo cha Chaji

Dagaa wanaouzwa Mwaloni, Kirumba, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Sasa taa za LED na betri zimeingia kwa nguvu. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kuchaji na kukodisha taa za wavuvi huko Mbita, upande wa Kenya. Wiki hii tunamwangalia mwenye mtaji mdogo anayetaka kufanya biashara hiyo. Anachouza ni saa za mwanga, na mteja hawezi kuzihesabu mpaka awe katikati ya ziwa.

Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Vipimo hivyo ni vya nyuzi joto 25. Ukisoma volti mara tu baada ya kuchomoa chaja, unajidanganya.

Kontrola nyingi za sola huchaji hadi volti 14.4, nazo hupunguza kiwango hicho betri ikipata joto. Kawaida ni milivolti 3 hadi 5 kwa kila seli, kwa kila nyuzi moja. Tuchukue 4: seli sita ni milivolti 24. Betri ikifika nyuzi 40, imezidi kwa 15, hivyo punguza volti 0.36; kikomo kiwe kama 14.04. Usipopunguza, maji yanachemka na kukauka, na mtaji unakwenda nayo.

Lakini hasara inayowashangaza wengi ni ya upande wa pili. Kipima joto kilichomo ndani ya kontrola hakijui joto la betri. Kinajua joto la ukuta. Betri imerudi alfajiri kutoka ziwani, ni nzito, na ndani hupata joto polepole, kwa saa nyingi. Kontrola iko ukutani chini ya bati, nyuzi 45, wakati betri bado iko 25. Itapunguza karibu nusu volti bila sababu. Taa ya kijani inawaka, mvuvi analipa, na kabla ya alfajiri taa zake zinafifia. Usiku huo hakukombolei gharama, na mteja humrudishi.

Kwa hiyo nunua kontrola yenye waya wa kipima joto, ukibandike ubavuni mwa betri, katikati, penye kivuli. Haidromita nayo irekebishwe: kwa kila nyuzi moja juu ya kiwango kilichoandikwa juu yake, ongeza 0.0007. Asidi ya moto inayosoma 1.240, ikiwa imezidi nyuzi 13, kwa kweli ni karibu 1.249.

Ukihamia betri za lithiamu-chuma-fosfeti, weka fidia hiyo sifuri. Volti zake hazishuki sana mpaka chaji ikaribie kuisha, hivyo hesabu ampea zinazoingia na kutoka.