Maji ya Mlimani: Mwongozo wa Bomba na Choo Kipkelion

Mvua si haba Kipkelion, katika Kaunti ya Kericho nchini Kenya, ila familia nyingi bado hupandisha mitungi mlimani kutoka mtoni au kwenye chemchemi. Bomba linaweza kuondoa mzigo huo, mradi lijengwe kwa kufuata ardhi ilivyo. Katika sehemu za Alaska ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima, mabomba mengi hupitishwa juu ya ardhi na kufunikwa yasigande. Kwetu kinachoamua ni mteremko: lifanywalo juu humfikia aliye chini, kuanzia jirani yako hadi mkazi wa nyanda za Kano, ambako Mto Nyando hupita ukienda Ziwa Viktoria.

Linda jicho la chemchemi

Chimbeni hadi maji yanapotokea, wekeni kokoto safi, zibeni kwa udongo wa mfinyanzi, kisha jengeni ukuta wenye bomba la kutolea maji. Upande wa juu, chimbeni mtaro wa kuepusha maji ya mvua na mzungushie ua ili ng'ombe wasifike. Mikaratusi, ambayo wengi hupanda ili kuuzia viwanda vya chai kuni, hunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi. Miti ya kiasili inafaa zaidi. Penye kahawa, maji machafu ya kiwanda cha kumenya yaelekezwe kwenye mashimo maalumu, kamwe yasiachiwe kijitoni.

Pima mwinuko kabla ya kununua mabomba

Kila mita 10 za kushuka huongeza takriban baa moja ya shinikizo. Kijiji kilicho mita 150 chini ya chemchemi kitapata takriban baa 15 mifereji ikifungwa, na bomba la kuhimili baa 10 linaweza kupasuka. Dawa yake ni tangi dogo la kupunguza shinikizo katikati ya njia. Mwambieni fundi aweke valvu ya kutoa hewa kwenye vilele na ya kutoa tope mabondeni. Fukieni bomba angalau sentimita 60, lisifikiwe na jembe.

Choo kiwe chini ya chanzo cha maji

Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka chemchemi au kisima, upande wa chini. Sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, yakipimwa msimu wa mvua. Maji yakiwa karibu, inua choo kwa kujenga sehemu ya shimo juu ya ardhi. Udongo uliolowa huporomoka, kwa hiyo jengea kingo za shimo kwa mawe au matofali na uchimbe mtaro upande wa juu. Shimo likibakiza nusu mita kujaa, acha kulitumia. Maji na sabuni viwe mlangoni.

Maji ya bomba si lazima yawe salama

Baada ya mvua kubwa, chemchemi huweza kuchafuka hata ikiwa imejengewa. Tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au chemsha. Katika vilima vya Londiani, vinavyozidi mita 2,000, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Yaache yatokote kwa dakika tatu.

Sheria na mfuko

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha na ya usafi wa mazingira unaofaa. Huduma hizo ni jukumu la kaunti. Kabla ya kuvuta maji ya chemchemi kwa mradi, ulizeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu kibali. Afisa wa afya ya umma naye atawashauri mahali pa kuchimba choo. Miradi mingi hufa kwa kukosa fedha za valvu moja iliyoharibika. Fungeni mita, kila nyumba ilipe kila mwezi, na mwekahazina asome hesabu mbele ya wanachama.

Katika baraza lijalo la chifu, ulizeni maswali matatu: Nani analinda ardhi iliyo juu ya chemchemi yetu? Fundi wetu ni nani? Mfuko wa matengenezo una shilingi ngapi? Jibu likikosekana, undeni kamati siku hiyo hiyo, kabla mvua ya masika haijaanza.