Hela za Makinga Maji: Madirisha ya Serikali Anayoweza Kugonga Mkulima wa Kilimo Hai Iringa

Wakulima wenzangu wa Kilolo hawaniulizi sana jinsi ya kuivisha mboji au kukamua dawa ya utupa. Wanauliza: "Mama, hela za yale makinga maji mlizitoa wapi?"

Kikundi chetu kilizitoa serikalini, ila hazikuja kwa jina la kilimo hai. Marekani, wizara yao ya kilimo ina mpango uitwao EQIP unaomlipia mkulima, wa kilimo hai akiwemo, sehemu ya gharama za kuhifadhi udongo na maji. Sisi Watanzania tumepata Mkakati wa Taifa wa Kilimo Hai Ikolojia wa 2023 hadi 2030, uliozinduliwa Novemba 2023, lakini katika kuhangaika kwangu kote sijakuta ofisi yenye kibao cha "ruzuku ya hifadhi, kilimo hai". Fedha ziko kwenye madirisha mengine: la vikundi, la misitu, la kaya maskini, la pembejeo. Kila dirisha lina kitu linachokilipia, na ukilipelekea kingine unarudi mikono mitupu. Nitaeleza moja baada ya jingine, lakini kwanza shamba lenyewe.

Pima kabla ya kuomba

Usiende ofisi yoyote na maneno "tunataka kuhifadhi mazingira". Nenda na vipimo. Sisi tulitumia fremu ya A: miti miwili ya urefu wa kama mita mbili imefungwa juu, mti mmoja umekatiza katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapiga mambo (vigingi), unageuza fremu, unaendelea. Ukimaliza kukatiza mteremko, mstari wa mambo unakuonyesha tuta la kukinga maji lipite wapi. Bwana shamba wa kata alikuja kuhakiki mistari yetu bila malipo, maana hiyo ni kazi yake. Mwombe aandike ripoti fupi na kuisaini. Karatasi hiyo utaitumia kila mahali.

Baada ya hapo gawa kazi mafungu matatu: kinachozaa hela msimu huu (njegere, maharage, mboga), kinachozaa baada ya miaka (parachichi), na kisichouzwa kabisa (tuta lenyewe, majani ya Guatemala kwenye kingo, miti ya kando ya kijito). Mgawanyo huo ndio unaokuonyesha fungu lipi liende dirisha lipi.

Dirisha la kwanza: mkopo wa asilimia 10

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarudi mwaka 2024 ukiwa na uhakiki mkali zaidi. Kwa hiyo yule jirani anayekwambia "ile mikopo ilishakufa" anasimulia habari za zamani.

Fika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki ya kikundi, vitambulisho vya NIDA, mihutasari ya vikao na andiko la mradi. Maombi hupita kata, halmashauri, kisha uhakiki wa wilaya. Ankara kifani za vifaa zichukue mapema, kwa sababu bei ya mabomba ya mwaka jana haitakusaidia.

Kwenye andiko ndipo wengi wa kilimo hai tunapokwama. Ofisa mmoja aliusoma ukurasa wetu wa kwanza, akavua miwani: "Mama, hapa mmeandika kuhifadhi udongo. Udongo ndio utakaorejesha mkopo?" Hakuwa anatudhihaki. Mkopo hurejeshwa kwa mauzo, na yeye alikuwa anayatafuta mauzo asiyaone. Sentensi ikabadilika ikawa: "Matuta yatazuia mvua kusomba mbegu na samadi kwenye mteremko, na marejesho yatatoka kwenye njegere za kila msimu." Matuta ni yale yale, ila sasa yamekuwa gharama ya uzalishaji wa njegere.

Usiweke parachichi kama chanzo cha marejesho ya mwanzo. Hata mche wa kubebeshwa unachukua kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, na mkopo haukusubiri. Omba ratiba ya marejesho ifuate mavuno ya mazao ya muda mfupi.

Dirisha la pili: miti na maji

Fungu lisilouzwa lipeleke kwenye misitu. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliowekwa na Sheria ya Misitu ya 2002, hutoa ruzuku kwa watu binafsi, vikundi, vijiji na taasisi zinazohifadhi misitu, na ruzuku hairejeshwi. Mradi wa kutunza chanzo cha maji au kufuga nyuki kando ya msitu una nafasi hapa kuliko mradi wa mboga. Fuatilia matangazo ya maombi kupitia ofisa misitu wa wilaya, kwa kuwa dirisha hili hufunguliwa kwa muda.

Kama shida yako ni miche tu, ulizia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla ya kununua. Shamba la Miti Sao Hill kule Mufindi limekuwa likigawa miche kwa wananchi. Ila uwe mkali kwenye aina: mikaratusi usiipande kando ya kijito, kwa kuwa inakunywa maji mno. Pale panafaa mivengi na miti mingine ya asili ambayo wazee walituachia kwenye vyanzo.

Wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, nawaomba wasome Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zozote zinazoweza kuathiri hifadhi. Hakuna ofisi ya serikali itakayofadhili bustani iliyo ndani ya eneo hilo, hata kama mbolea yako yote ni samadi. Eneo hilo liombee miti, bustani isogeze juu.

Dirisha la tatu: TASAF

Kuna korongo ambalo halianzii kwako. Linaanzia barabarani au kwenye ardhi ya kijiji, halafu linapita katikati ya matuta yako. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huwalipa ujira walengwa wa kaya maskini kwa ajira za muda, na kazi zenyewe mara nyingi ni hizi hizi: makinga maji, upandaji miti, utunzaji wa vyanzo. Hawatakuja kulima shamba lako binafsi. Lakini miradi huibuliwa na kijiji, kwa hiyo nenda kwenye mkutano wa kijiji, simama, taja korongo kwa jina lake. Hela inaingia mifukoni mwa majirani zako, na maji yanazuiwa huko juu kabla hayajakufikia.

Dirisha la nne: pembejeo

Rais Samia alipozindua ruzuku ya mbolea Mbeya, Agosti 8, 2022, urea ilishuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa mkulima wa kawaida ilikuwa nafuu kubwa. Kwetu sisi ni mtego: Kiwango cha Kilimo Hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, kile chenye alama ya Kilimohai, hakiruhusu mbolea ya aina hiyo. Mfuko mmoja wa bei nafuu ukiingia shambani kwa mwanakikundi mmoja unaweza kuwaharibia uthibitisho wote.

Hata hivyo jisajili kwenye daftari la wakulima ofisini kwa mtendaji. Kuandikishwa hakukulazimishi kununua urea, na orodha hiyo ndiyo serikali inayoifungua ikitaka kuwafikia wakulima kwa jambo jingine.

Benki iwe ya mwisho

Julai 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja za kukopesha mabenki ili nayo yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, nayo ina mfuko wa kudhamini mikopo ya wakulima wadogo. Ni njia nzuri kwa tangi, mabomba au mashine. Kwa kuchimba matuta peke yake sikushauri: riba itakula faida kabla udongo haujarudisha rutuba.

Kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Matuta huchimbwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Miche huingia ardhini mvua zikishakolea, Desemba. Fedha zikifika Januari, msimu wa kuchimba umepita na kikundi kitashawishika kuzitumia kwingine. Kwa hiyo katiba, akaunti na andiko viwe tayari kabla ya Julai.

Tusisahau Isimani, hapa hapa Iringa. Miaka ya 1950 na 1960 ilisifika kwa mahindi nchi nzima, ikalimwa mfululizo mpaka ardhi ikachoka. Ili yasitukute hayo, wiki hii kaeni kikao cha kwanza, andikeni muhtasari, na Jumatatu mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.