Kilima Kikianguka juu ya Barabara: Maji Kwanza, Udongo Nyuma



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vigumu na miti ya kushikilia paa la mgodi. Leo tutoke mgodini, twende barabarani. Mtumikaji hana mabawa. Yeye, bibi yake, watoto wake, unga, mafuta na dawa, vyote vinapita kwa barabara moja ya udongo, na mara nyingi barabara hiyo imekatwa kando ya mlima.

Watu wa Kivu ya Kusini wanajua jambo hili. Njia ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, inashuka kwa kona nyingi kuelekea bonde la Ruzizi: mlima huku, korongo kule. Kwa miaka mingi wasafiri wa Uvira walipendelea kuzunguka kwa upande wa Rwanda kuliko kupita pale. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Na sisi watu wa migodi tunakumbuka Kamituga: tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua kubwa iliporomosha mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wengi hawakurudi nyumbani. Mahali ni mbalimbali, lakini adui ni mmoja: maji.

Somo letu lina sehemu mbili. Ya kwanza: namna ya kutengeneza barabara iliyoharibiwa na kilima. Ya pili: namna ya kupitisha watu wakati barabara imefungwa. Hii ya pili inasahauliwa mara nyingi, na kwa hiyo watu wanakufa siku mbili au tatu nyuma ya mvua, wakati kila mtu anafikiri hatari imekwisha.

1. Kwa nini kilima kinaanguka

Udongo mwekundu wa milima yetu ukiwa mkavu unashikamana vizuri. Ukinywa maji unakuwa mzito, na tena unateleza, kama sabuni iliyolowa. Uzito unaongezeka, mshiko unapungua, na siku moja kilima kinashuka.

Barabara yenyewe inasaidia hatari hiyo. Ili kuipitisha, watu walikata mguu wa kilima. Kama mfereji wa kando umezibwa na majani, au bomba la kupitisha maji chini ya barabara limejaa mchanga, maji yanakosa njia. Yanasimama, yanaingia chini, yanalegeza udongo. Na pale miti ya juu imekatwa yote kwa makaa au shamba, mizizi iliyokuwa ikishikilia udongo inaoza.

2. Alama za kuchunga

Kilima kinatoa habari mbele ya kuanguka. Fungua macho:

– nyufa mpya katika udongo juu ya barabara, hata zikiwa nyembamba kama kidole;
– miti au nguzo zilizoanza kuinama;
– barabara iliyovimba katikati au kushuka upande wa korongo;
– chemchemi mpya, au chemchemi ya zamani iliyoanza kutoa maji ya matope;
– mto uliopungua kwa ghafula wakati mvua ingali inanyesha. Hapo ujue labda udongo umeziba mto huko juu, na maji yatakuja kwa pigo moja. Kimbia upande wa juu, mbali na mto.

Ukiona moja ya alama hizi, mwambie kapita wako na shefu wa kijiji siku ile ile. Usingoje kesho.

3. Saa za kwanza

Udongo ulioanguka haujamaliza kuanguka. Sehemu ya juu imebaki wima, imelegea, haina kitu cha kuishikilia.

Funga barabara pande mbili, si upande mmoja tu. Weka barieri mbali, mahali kamio inaweza kugeuka: kijijini au penye uwanja. Shofere akikuta barieri mlimani penye njia nyembamba, hawezi kugeuka. Atakaa chini ya kilima kile kile tunachokiogopa.

Hesabu watu. Uliza kila nyumba, kila shofere, kila mama aliyekwenda shamba. Kama kuna mtu amefunikwa, waokoaji wawe wachache, na mtu mmoja asimame mahali salama na firimbi. Kazi yake ni kutazama kilima tu; hashiki jembe. Akipiga firimbi, wote wanakimbia upande uliopatanwa mbele ya kazi. Wengine wote wakae mbali, hata kama moyo unauma.

4. Kutengeneza: maji kwanza

Kosa la watu wengi ni kuleta katapila na kuanza kusukuma udongo chini. Lakini udongo ulio chini, kwenye mguu, ndio unaoshikilia ule wa juu. Ukiuondoa wa kwanza, unaita kilima kishuke tena. Mchimbaji yeyote anajua kwamba ukuta wa mgodi haukatwi chini ili juu ibaki ikining'inia. Sheria ni ile ile barabarani.

Fuata mpango huu:

Kwanza, yageuze maji. Juu ya sehemu iliyoanguka, katika udongo imara nyuma ya nyufa, chimba mfereji wa kupeleka maji pembeni, mpaka kwenye mto au mwamba. Ziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, uupige vizuri. Kama kuna hema la plastiki, funika.

Pili, pima nyufa. Piga vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na pima katikati yao kwa kamba, asubuhi na jioni. Andika katika daftari. Nafasi ikiongezeka, kazi inasimama.

Tatu, ondoa udongo kuanzia juu kwenda chini, kidogo kidogo, na uache mteremko wa kulala, si ukuta. Udongo unaotolewa usitupwe ovyo korongoni. Huko chini kuna mashamba, kuna maji ya kunywa, na udongo ukiziba mto unaleta mafuriko kijiji cha chini. Shefu aonyeshe mahali pa kuutupa.

Nne, kama upande wa korongo umekatika, usijaze udongo mlegevu ukingoni. Utabeba mtu wa miguu, lakini utaanguka na kamio. Tafuta kama barabara inaweza kusogezwa ndani, penye mwamba imara. Kama haiwezekani, jengeni ukuta wa gabioni, yaani vikapu vya nyaya vilivyojazwa mawe. Kikapu cha kawaida kina urefu wa metre 2, upana wa metre 1 na kimo cha metre 1. Ukuta ukae juu ya udongo mgumu uliochimbwa, si juu ya matope. Nyuma yake weka mawe madogo ili maji yapite. Kisha jaza udongo kwa tabaka za sentimetre 15 mpaka 20, na kila tabaka ipigwe mpaka iwe ngumu.

Tano, tengeneza mfereji wa kando na bomba la chini ya barabara. Mahali maji yanapotokea, weka mawe, ili yasile udongo.

Sita, panda. Vetiveri ni nzuri sana kwa sababu mizizi yake inashuka chini zaidi ya metre 2. Matete na mianzi vinasaidia pia. Migomba haifai mahali pa mteremko mkali: mizizi yake haishuki sana, na shina lake ni zito kwa maji.

5. Kupitisha watu

Hapa ndipo penye taabu. Barabara ikifungwa, njaa haifungwi, homa haifungwi, wala mimba haingoji. Mkiwaambia watu "hakuna kupita" na basi, watapita usiku, kwa njia ya juu, kati ya nyufa. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, mkubwa wa kazi, shefu wa kijiji, mganga wa kituo cha afya na wamama wa soko wakae pamoja, wapatane mambo haya:

Njia ya miguu. Izunguke mbali na sehemu iliyoanguka, kwa mgongo wa kilima usio na ufa. Ionyeshwe kwa miti iliyopakwa rangi nyeupe. Kama inapita katika shamba la mtu, mwenye shamba aulizwe mbele, na hasara yake iandikwe ili alipwe.

Saa za kupita. Kama hakuna njia nyingine ila kupita penye kazi, pangeni saa tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na jioni, mbele ya giza. Wakati huo mashini zinazimwa, mkono wa mashini unashushwa chini, na funguo zinakaa kwa mlinzi. Watu wanapita upande mmoja, kisha upande mwingine, wakiachana hatua chache, bila kusimama katikati. Watoto wa shule wanapita na mtu mzima.

Wagonjwa. Tipoyi na wabebaji wanne wawe tayari mchana na usiku, na gari lingoje ngambo ya pili. Mama mwenye mimba ya miezi 8 au 9 asingoje uchungu umkute upande usio na kituo cha afya. Ahamie mapema kwa ndugu au kwa jamaa upande wa kituo. Dawa za malaria na za watoto ziletwe pande zote mbili.

Chakula. Kamio moja ikae upande huu, nyingine upande ule, na mizigo ibebwe kwa kichwa katikati. Bei ya kubeba ipatanwe na itangazwe mbele ya watu wote. Vijana wa kijiji wapewe kazi hiyo, na ya kuchimba mifereji, kwa malipo. Wao wanaijua ile milima kuliko sisi.

Mvua. Ikinyesha, njia inafungwa kwa wote. Ikikoma, bado. Kilima kinaendelea kunywa maji hata jua likiwaka. Mlinzi apime vijiti kwanza.

6. Barieri si duka

Wazee wetu wanajua barieri ya mvua, inayozuia makamio makubwa wakati barabara ya udongo imelowa. Ni jambo jema. Lakini mahali pengine barieri imekuwa mahali pa kulipisha watu. Mwenye franka anapita, asiye na kitu anangoja. Tusikie vizuri: kilima hakijui nani amelipa. Mlinzi anayepokea kitu ili amfungulie mtu kamba wakati wa hatari, anauza kifo. Vile vile mkubwa anayetaka kupita kwa sababu gari lake ni la kazi.

Mlinzi awe mtu mwenye heshima na maneno ya upole. Mfano:

– Baba, niache nipite, muhogo wangu utaoza.
– Pole, mama. Mvua imekoma sasa hivi, kilima hakijatulia. Tua mzigo, kaa kivulini. Tukipima na kuona vijiti havijasogea, utapita wa kwanza.

Mtu akielezwa sababu, anavumilia. Akitukanwa, anatafuta njia ya pembeni.

7. Mbele ya kufungua

Barabara haifunguliwi kwa sababu udongo umeondoka. Inafunguliwa wakati vijiti havikusogea, maji yanapita mferejini, na ukingo umejaribiwa kwa gari jepesi mbele ya lile zito. Hata baada ya hapo, kila kijiji kiwe na watu wa kusafisha mifereji mbele ya kila msimu wa mvua. Ofisi ya Barabara imekwisha kufanya kazi hiyo pamoja na makundi ya wenyeji, wakaitwa CLER, na kazi ya mikono yao ilionekana. Siku moja ya jembe mferejini inaokoa miezi ya katapila.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika njia yako ya kazi, maji ya mvua yanapita wapi?
2. Kwa nini tusiondoe udongo wa chini kwanza?
3. Barabara ikifungwa leo usiku, nani katika nyumba yako atahitaji kuvuka wa kwanza, na atapita wapi?

Swali la tatu lijibuni pamoja, baba, mama na watoto, wakati jua lingali linawaka.