Ahadi Haisimamishi Siku
Kijitabu kwa walimu kutoka nchi jirani wanaofundisha shule binafsi za Tanzania Bara

Kijitabu hiki ni cha mwalimu aliyevuka mpaka Namanga, Sirari, Holili au Mutukula, vyeti vyake vikiwa kwenye bahasha ya kaki, akaja kufundisha Kiingereza, Hisabati au Fizikia kwenye shule binafsi ya Tanzania Bara. Tangu shule za mchepuo wa Kiingereza zianze kuongezeka miaka ya 1990, walimu kutoka Kenya na Uganda wamekuwa sehemu ya maisha ya shule hizo, Arusha, Mwanza, Bukoba, Dar es Salaam na hata wilaya za ndani kabisa. Wengi hutendewa haki. Tunawaandikia wale ambao hawakutendewa, na wale ambao bado hawajui kama wanatendewa.

Aliyeko Unguja au Pemba atambue mapema kwamba masuala ya kazi si ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na vyombo vyake. Tunayoeleza humu ni ya Bara tu.

Ukisahau mengine yote, shika hili moja: ahadi ya mwajiri haisimamishi siku za sheria. Mkurugenzi anaweza kukuambia kwa upole mwezi mzima, muhula mzima, mwaka mzima, kwamba utalipwa ada zikiingia. Siku za kudai zinaendelea kuhesabika wakati wewe unangoja.

Jinsi haki inavyopotea

Mara chache mwajiri husema wazi kwamba hatalipa. Angesema hivyo mwezi wa kwanza, mwalimu angechukua hatua. Mambo huenda taratibu. Mwezi wa kwanza mshahara unakuja mzima. Wa pili unakuja nusu, na nusu nyingine unaambiwa iko njiani. Wa tatu, mhasibu amesafiri. Wa nne, mkurugenzi mwenyewe anakuita ofisini, anakukaribisha chai, anakwambia shule ni familia na wewe ni kama mdogo wake. Mwalimu anatoka pale akiwa ametulia moyo. Anaona ingekuwa utovu wa adabu kumshitaki mtu aliyemkaribisha chai.

Tunauheshimu moyo huo. Mgeni anayeishi nyumba ya shule, watoto wake wakisoma shule hiyo hiyo, hawezi kuchukulia ugomvi kirahisi. Lakini tumeona mahali moyo huo unapompeleka: mwalimu anakuja na madai ya miezi kumi na minne, hana karatasi hata moja ya kuonyesha, na sehemu kubwa ya madai hayo imeshapitwa na wakati.

Njia nyingine ni mikataba miwili. Mmoja wenye mshahara mkubwa unapelekwa serikalini kuombea kibali, mwingine wenye mshahara mdogo ndio unaolipwa, na mwalimu ametia saini yote miwili. Usitie saini ya pili. Unakuwa umeshiriki kutoa taarifa za uongo kwa mamlaka, na siku ya ugomvi mwajiri atakukumbusha.

Kuna pia mapatano ya kwenye simu kabla ya safari. Mwalimu aliyeko Kisii anaahidiwa kiasi fulani cha "shilingi", na kila upande unafikiria shilingi yake. Au anatajiwa mshahara kabla ya makato, akifika anashangaa kinachoingia mkononi. Kabla hujapanda basi, hakikisha umeandikiwa kiasi, fedha ya nchi gani, kabla au baada ya makato, tarehe ya kulipwa, nani anagharamia nyumba na nani anagharamia kibali. Ujumbe wa simu kutoka namba ya mwenye shule unatosha kwa kuanzia. Usiufute.

Siku 30 na siku 60

Madai ya kazi Tanzania Bara hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Iliundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, na ina ofisi mikoani. Kanuni zake, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, zimeweka muda mfupi kuliko walimu wengi wanavyodhani.

Ukiachishwa kazi na ukaona hukutendewa haki, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Mgogoro mwingine wowote, ukiwemo wa mshahara usiolipwa, una siku 60 tangu ulipoanza.

Hesabu pamoja nasi. Mshahara wa Februari ulitakiwa kulipwa tarehe 28. Haukulipwa. Siku 60 zinakwisha mwishoni mwa Aprili, pengine wakati wanafunzi wako wako katikati ya mitihani na wewe hufikirii kabisa habari za Tume. Ukifika Agosti ukiwa bado unapigwa danadana, madai ya Februari yanahitaji kwanza ruhusa ya kusikilizwa nje ya muda. Ruhusa hiyo huombwa kwa Fomu Na. 2 ya Tume pamoja na kiapo, na lazima utoe sababu za msingi kwa kila siku uliyochelewa. Kulazwa hospitali ni sababu. "Tulikuwa bado tunazungumza" kwa kawaida haikubaliki, na hapo ndipo walimu wengi wanapoumia, kwa sababu hiyo ndiyo sababu pekee waliyonayo.

Kwa hiyo zungumza na mwajiri, tena kwa heshima, lakini weka tarehe. Mshahara ukichelewa, andika barua fupi ukitaja mwezi na kiasi, bakisha nakala yenye saini au muhuri wa kupokelewa. Siku ya 45 ikifika bila malipo, nenda Tume. Mazungumzo yanaweza kuendelea madai yakiwa yamefunguliwa. Usuluhishi wenyewe ni mazungumzo.

Kama huna uhakika tatizo lako ni la kuachishwa au la mkataba kuvunjwa, usipoteze wiki ukibishana nalo. Fungua ndani ya siku 30 na utakuwa salama kwa yote mawili.

Kibali chako ni ngao yako

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na wapo wanaoamini kwamba tangu hapo Mkenya au Mganda anaweza kufanya kazi Tanzania kwa kitambulisho tu. Si kweli. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015, inamtaka kila mgeni awe na kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na anayewajibika kukiomba ni mwajiri. Walimu wa Sayansi na Hisabati wamo kwenye daraja B, pamoja na watu wa afya. Walimu wa masomo mengine kwa kawaida huingia daraja C. Juu ya hapo unahitaji kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 na kinaweza kuhuishwa, lakini jumla ya miaka ina kikomo kilichowekwa na sheria.

"Anza kazi, kibali kinashughulikiwa" ni maneno ya hatari kuliko yote utakayoambiwa. Kufanya kazi bila kibali ni kosa lako pia, si la mwajiri peke yake. Na siku ukidai mshahara, utetezi wake wa kwanza utakuwa kwamba mkataba wako haukuwa halali tangu mwanzo. Tunasikitika kumwambia mwalimu aliyefundisha mwaka mzima kwamba madai yake yamesimama kwenye ardhi laini, lakini ni afadhali alisikie leo kuliko mbele ya mwamuzi. Omba nakala ya kibali, si risiti ya maombi. Soma jina la mwajiri lililoandikwa humo: kibali kimefungwa kwa mwajiri huyo, hivyo ukihamia shule nyingine unahitaji kingine.

Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na wewe ndiye unayeishika. Shule inaweza kuichukua kwa siku chache kwa ajili ya maombi, kisha ikurudishie. Ikikaa kwenye kabati la mkurugenzi ili usiondoke, hilo limeshatoka kwenye ugomvi wa mkataba. Nenda polisi au ubalozi wa nchi yako.

Wapo wanaotishiwa: "Ukienda Tume nitapigia Uhamiaji." Kama kibali chako ni hai, tishio hilo halina meno. Kama ajira imekwisha na kibali kinaelekea kufutwa, nenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla hujafuatwa, ueleze kwamba una shauri Tume, uonyeshe fomu iliyogongwa muhuri, na uulize utaratibu wa kubaki kihalali wakati shauri linaendelea.

Karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamlazimu mwajiri kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi. Kifungu cha 15 kina jambo ambalo walimu wengi hawalijui: kukiwa na shauri na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Kwa hiyo mwalimu ambaye hajapewa mkataba asikate tamaa, wala asidhani hana kesi.

Hata hivyo kusanya ulicho nacho. Ratiba ya vipindi yenye jina lako. Maazimio ya kazi yaliyopitishwa na ofisi ya taaluma. Taarifa za benki au ujumbe wa malipo ya simu. Daftari la mahudhurio. Piga picha ukurasa wako kila mwisho wa mwezi. Hati ya mshahara, ambayo kwa kifungu cha 27 ni haki yako kila unapolipwa. Vyote hivi weka nakala nje ya nyumba ya shule, kwa ndugu au kwenye barua pepe, maana mwalimu anayefukuzwa Ijumaa jioni huwa harudi ofisini kuchukua faili.

Makato

Mwajiri hawezi kukata mshahara wako kwa kujiamulia. Kodi na michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) vinakatwa kwa sheria. Kingine chochote kinahitaji makubaliano, tuzo (yaani uamuzi wa mwamuzi) au amri ya mahakama. Hata ukidaiwa fidia ya kitu ulichoharibu, kuna utaratibu, na makato hayawezi kuzidi robo ya mshahara. Kukatwa gharama za kibali ambazo hukuwahi kukubali kwa maandishi ni jambo la kudai.

NSSF ifuatilie mwenyewe. Shule nyingine hukata fungu la mwalimu na kulikalia. Uliza ofisi ya Mfuko iliyo karibu kila baada ya miezi mitatu, kabla deni halijawa kubwa.

Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kuacha kumlipa mwalimu mwezi Desemba kwa sababu wanafunzi wako nyumbani hakuna msingi, isipokuwa mkataba wenyewe ni wa muhula na mlikubaliana hivyo wazi. Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, hadi Juni 29 zilipofunguliwa kwa madarasa mengi, walimu wengi wa shule binafsi walikaa bila mshahara au kwa nusu yake, mara nyingi kwa tangazo la mdomo tu. Likitokea la namna ile tena, omba barua. Usikubali mabadiliko ya mshahara yasiyoandikwa.

Ukifika Tume

Kufungua shauri hakuna ada. Unajaza Fomu Na. 1, unampelekea mwajiri nakala na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Akikataa kupokea, waeleze maofisa wa Tume, wana utaratibu wake.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao hupewa siku 30. Madai mengi ya mishahara huishia hapo. Mkikubaliana kulipwa kwa awamu, hakikisha karatasi inataja kila tarehe, kila kiasi, na kwamba akikosa awamu moja deni lote linadaiwa mara moja. Maneno "atalipa kadiri fedha zitakavyopatikana" yasiwepo kabisa. Ndiyo yaliyokuleta pale. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaenda kwa mwamuzi, ambaye atatoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie tuzo hiyo.

Mkataba wa muda maalumu ukivunjwa katikati bila sababu halali, dai la kawaida ni mishahara ya miezi iliyobaki. Usidai zaidi ya ulicho nacho kwa kudhani utapunguziwa. Kiasi kilichokuzwa kinamfanya mwamuzi atilie shaka hata kile cha kweli.

Kabla hujarudi nyumbani

Kama uliajiriwa kutoka Kampala au Nakuru na ajira imekwishia Tanzania, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au akulipe nauli hiyo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Barua au ujumbe ulioonyesha kwamba alikupata ukiwa kwenu ndio ushahidi wa hilo. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako hata kama mmeachana vibaya. Mwajiri hawezi kukizuia mpaka ufute madai.

Wengi husafiri wakati shauri bado halijasikilizwa, kwa sababu kodi ya nyumba imeisha na nyumbani kuna watoto. Usiondoke kimya. Ukikosa siku ya kuitwa bila taarifa, shauri linaweza kufutwa. Mwandikie msuluhishi au mwamuzi, acha namba inayopatikana ukiwa upande wa pili wa mpaka, na umwachie wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mtoa msaada wa kisheria idhini ya maandishi ya kukuwakilisha, pamoja na nakala za karatasi zote. Fanya hivyo siku moja kabla ya kukata tiketi.