KAZI YA KUPASUA MAWE KWA BARUTI

Vakansi inakaribia. Tunajua wengi wetu watatafuta feza ya minervali kwenye mashimo, ndiyo maana somo letu leo ni baruti.

Huku Masisi, koltani ya Rubaya inachimbwa hasa kwa mikono: nyundo, burini, baramina. (Hilo neno baramina ni Kifaransa: fimbo ya chuma ya kutoboa mwamba, baruti ipate kuingia. Tunalitaja kila siku bila kujua!) Kule Walikale, kasiteriti ya Bisie ilianza kuchimbwa kwa mikono mwaka 2002, lakini tangu 2019 kuna pia mine kubwa ya kampani Alphamin, chini ya ardhi, yenye mashini na baruti.

Wengine wanafikiri mpasuaji ni mtu asiyeogopa. Hapana. Kazi yake ni kuhesabu na kungoja. Mashimo yanatobolewa, yeye anayajaza, watu wote wanaondoka, njia zinafungwa, king'ora kinalia. Kila shimo lina zamu yake ya kupasuka, sekunde kidogo nyuma ya lingine. Kisha anangoja tena, juu moshi ule uko na monoksidi ya kaboni: haina harufu, na inaua. Halafu anaingia yeye wa kwanza kutazama kama kuna shimo lililokataa kupasuka. Likikuwa, hakuna mtu wa kutoboa karibu nalo.

Nobel wa Swedeni, aliyepata hati ya dinamiti mwaka 1867, alikuwa amempoteza mdogo wake Emil katika mlipuko wa mwaka 1864. Hata mabwana wa baruti haikuwahurumia.

Mwenzetu mmoja alirudi vakansini bila vidole viwili. Aliokota kijiti cha chuma, kidogo sawa kalamu, chenye waya mbili. Alitaka ile waya kwa redio ya baba yake. Kumbe ni detonatere. Haikuwa na baruti pembeni, yenyewe ilitosha.

Na mabomu ya vita katika mashamba yetu ni vilevile: kulala miaka mingi haiko kufa. Ukiona, usiguse, usitupe jiwe. Rudi kwa nyayo zako, uzuie wengine, umwambie mwalimu ao chefu wa kijiji.

Picha ya detonatere tumeichora ubaoni, klasi ya sita. Wadogo waje kuitazama mbele ya kengele ya saa nane.