Mapango ya Amboni

Karibu na mji wa Tanga, mwendo wa kilomita 8 hivi upande wa kaskazini, yako mapango ya Amboni. Mapango hayo ni 10, lakini wageni huingizwa katika moja tu, tena pamoja na kiongozi. Sikilizeni, mpate kujua kwa nini.

Mwaka mmoja niliwapeleka huko wanafunzi wangu. Mlangoni kiongozi akatuhesabu, tukawa watu 23. Akasema, "Nifuateni mimi, wala msivunje kitu." Akawasha taa, tukaingia.

Mlikuwa na giza na harufu ya popo. Mahali pengine dari ilikuwa juu sana, na pengine ilitupasa kuinama. Darini yalining'inia mawe kama mishumaa iliyogeuzwa, na mengine yalisimama chini kuyaelekea yale ya juu.

Mawe hayo hufanyikaje? Mvua ikipenya udongoni, maji huchukua hewa kama ile tuitoayo tukipumua, yakawa makali kidogo. Maji hayo huyeyusha jiwe la chokaa polepole, na hivyo ndivyo pango lichimbwavyo. Kisha yakidondoka ndani ya pango, ile hewa hutoka, na chokaa kidogo husalia. Tone kwa tone, chokaa hiyo huwa jiwe. Katika mapango mengi jiwe la namna hii huongezeka kadiri ya sentimita 10 tu kwa miaka 1000.

Tulipokwisha kupita kona ya tatu, kiongozi akatuhesabu tena. Tulikuwa 22! Akatunyamazisha, nasi tukasikia mtoto akilia nyuma yetu. Kiongozi akaniambia, "Mwalimu, kaa hapa na watoto, asiondoke mtu." Akaenda, akarudi amemshika Yohana mkono.

Yohana alikuwa amebaki nyuma ili avunje jiwe dogo akaonyeshe nyumbani. Taa zilipopita kona, asione tena hata mkono wake mwenyewe. Hakuwa mbali nasi hata hatua 30.

Akafungua kiganja, akasema, "Nisamehe, mzee." Jiwe lilikuwa na urefu wa sentimita 5. Kiongozi hakumgombeza, ila alituuliza, "Hesabuni, jiwe hili lilijengwa kwa miaka mingapi?" Tukahesabu, tukaona yapata miaka 500. Yohana akalilaza chini polepole, lakini jiwe lililovunjika halirudi mahali pake.

Watu husimulia ya kuwa mbwa aliingia humo zamani, akatokea karibu na mlima Kilimanjaro. Lakini mwaka 1994 wataalamu waliyapima mapango hayo, wakaona lililo refu kuliko yote lina urefu wa mita 900. Basi hadithi ni hadithi, na kipimo ni kipimo. Hata hivyo, msizidharau mita 900. Kwa asiyejua njia, gizani hatua 30 zatosha kumpoteza.

Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Yohana hakuvunjika guu, kwa kuwa kiongozi alijua kuhesabu watu wake na kumrudia aliyepotea.

MASWALI
1. Maji huchimbaje pango?
2. Kwa nini kiongozi aliwahesabu watu mara mbili?
3. Jiwe la sentimita 8 lingejengwa kwa miaka mingapi?
4. Twajuaje ya kuwa habari ya mbwa si kweli?